Kabla hujagusa makaratasi na kaseti za mhakiki wa piano

Ukikabidhiwa maboksi ya mhakiki aliyefariki, usianze kupanga. Piga picha kwanza: bahasha zilivyofuatana, kaseti ipi ilikaa kwenye faili gani. Hiyo unayoiita fujo ndiyo inayoonyesha mahojiano haya yalizaa makala gani.

Nawa mikono, ikauke kabisa. Toa klipu zenye kutu na mipira ya kufungia. Selotepu marufuku, hata karatasi ikichanika. Vipande vya magazeti vitenge na barua, maana vina asidi na huchafua karatasi ya jirani. Faksi za karatasi ile laini zitoe fotokopi leo, si kesho, kwa sababu maandishi yake hufifia. Vijitabu vya matamasha usivitupe eti vilichapwa vingi. Chenye maandishi ya penseli ya mhakiki pembeni, "pedali imezidi" kando ya sonata ya Beethoven, ni kimoja tu.

Sasa kaseti. Kabla hujasikiliza hata moja, tazama ukingo ule wa nyuma, usioonyesha utepe. Kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kaseti. Vivunje. Vikishatoka, mashine haikubali kurekodi juu yake.

Mimi sikuvivunja. Nilikuwa na hamu, nikaazima redio kaseti, nikabonyeza. Mhakiki akamuuliza mpiga piano, "Kwa nini uliacha kupiga muziki wa Schumann?" Nikasimamisha ili niandike swali. Kidole kikarudi, macho yakiwa bado daftarini, kikatua kwenye kitufe chekundu cha kurekodi, ambacho kwenye mashine ile hujibonyeza pamoja na kile cha kucheza. Kimya. Nikasema moyoni, mzee anatafakari. Nilipoinua macho, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Leo swali lipo, linafuatiwa na pumzi zangu na mlio wa kiti, kisha sauti ya mpiga piano: "...na tangu usiku ule sijaugusa tena." Usiku upi? Wote wawili wameshafariki, na kwenye makala iliyochapishwa hakuna neno la Schumann.

Mashine nayo ipime kwa kaseti isiyo na thamani kwanza. Angalia pia kasi: ikizidi kwa takriban asilimia 6, kila kitu kinapanda nusu toni, na noktani (kipande cha piano) ya Chopin iliyo katika ufunguo wa mi bemoli inasikika kama iko katika mi. Lakini usikimbilie kusahihisha, huenda piano ya nyumbani kwa mtu haikuwa imetyuniwa.

Utepe wa rili, ule wa gurudumu la wazi usio wa kaseti, ukipiga kelele au kuacha unga unaonata, zima. Gundi yake imenyonya unyevu. Wapo mafundi wanaoukausha kwa joto la chini, ila utepe wa asetati, aina ya plastiki ya zamani, haupashwi joto kamwe, kwa hiyo oveni yako iache ipike.

Ukihamishia sauti kwenye kompyuta, nakala kuu iwe faili la WAV, lisilobana sauti, la biti 24, kilohezi 96. MP3 ni ya kusikilizia tu. Weka nakala tatu, moja jengo jingine. Kumiliki kaseti si kumiliki maneno yaliyomo, kwa hiyo omba ruhusa kwa familia za waliohojiwa kabla hujasambaza. Usiazimishe kaseti halisi, hata kwa siku moja, hata kwa ndugu. Usiiache garini juani, wala juu ya spika. Na simu ikiita, simamisha kwanza, toa kaseti, ndipo upokee.