Karatasi ya FBP usiitupe, ina habari za moyo pia

Jamani ile karatasi ya FBP (full blood picture, kipimo cha chembe za damu) tunayopewa tukishapimwa damu, wengi tunauliza tu "damu ipo?" tukiambiwa ipo basi, karatasi inaenda kufungiwa karanga. Iwekeni, mana mna ishara za moyo na mishipa humo.

Kwanza tafuta NEUT na LYM, hizo ni aina mbili za chembe nyeupe. Chukua NEUT ugawe kwa LYM, zote za asilimia au zote za idadi, usichanganye. NEUT 4.2 na LYM 2.1 jibu ni 2. Watu wengi wenye afya huwa kati ya 1 na 3. Ikipanda na kila ukipima ipo juu tu, muulize daktari, kwa sababu inaweza kuwa mwili una uvimbe wa ndani kwa ndani (inflammation, si kinundu), na uvimbe huo ndo unaosaidia mafuta kujijenga kwenye kuta za mishipa, na wavuta sigara hasa chembe nyeupe zao mara nyingi zipo juu. Lakini ukiwa na homa, jipu, au unatumia dawa za steroidi usipige hesabu hii kabisa, itakudanganya, ngoja upone. Tena Waafrika wengi NEUT zetu zipo chini kwa maumbile na si ugonjwa, kwa hivo jilinganishe na karatasi yako ya mwaka jana, sio ya jirani.

Halafu RDW, yaani chembe nyekundu zinavyotofautiana ukubwa, kawaida asilimia 11.5 mpaka 14.5. Ikiwa juu mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, anzia hapo, ila kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshachoka RDW ya juu ni ya kuangaliwa kwa karibu sana.

PLT (chembe sahani) ndo zinazogandisha damu, malaria inazishusha, na PLT peke yake haikwambii mengi kuhusu moyo.

Na hakuna namba hapa inayochukua nafasi ya kipimo cha presha, sukari na mafuta ya damu, hivo vipime hata kama FBP nzuri.

Kifua kikibana, jasho jembamba, maumivu yanakwenda mkononi au tayani, hapo achana na karatasi, mkimbizeni mtu hospitali saa hiyo hiyo, Unguja Mnazi Mmoja, Pemba Abdalla Mzee Mkoani au Chake, akapigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kupimwa troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia).