Somo: Gari inalia "ta" halafu haiwaki (soma kabla hujanunua betri)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa hili swali mara nne, na watatu walikuwa wameshanunua betri. Naandika mara moja tu. Nafanya umeme wa magari hapa Ngarenaro, Arusha.

1. Sikiliza. "Tktktktk" ya harakaharaka ni umeme mdogo: solenoidi (swichi ya umeme iliyo juu ya stata) inavuta, volti zinaanguka, inaachia, zinapanda, inavuta tena. "Ta!" moja nzito halafu kimya, hapo shuku stata (mota inayozungusha injini iwake) au nyaya zake. Kama hailii kabisa, hilo ni somo lingine.

2. Washa taa kubwa, piga stata. Zikififia hadi kuzima, betri au vichwa vyake (vile vishikio vya nyaya kwenye nguzo za betri). Zikibaki kali, ruka hadi hatua ya 5.

3. Shika vichwa vya betri kwa mkono, jaribu kuvizungusha. Kikizunguka, umepata mchawi. Spana namba 10, anza kufungua hasi, sugua kwa msasa, rudisha hasi mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona radi ya Meru mchana kweupe.

4. Pima betri kwa mita ya umeme ikiwa imelala usiku kucha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 kachaji kwanza. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6.

5. Waya wa athi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini). Hapa ndipo nilipoaibika. Mteja aliniletea gari, Toyota Noah, mlio mmoja, betri 12.6. Nikasema stata, nikamuuzia stata, nikafunga. "Ta." Nikaazima betri ya gari nyingine. "Ta." Mteja amekaa kwenye ndoo ananitazama. Kumbe waya mnene unaotoka hasi kwenda kwenye injini ulikuwa umeoza ndani ya plastiki yake: nje mzima, ndani unga wa kijani. Nilimrudishia hela ya stata, na ya ufundi sikuidai. Tangu siku hiyo sifungui stata kabla ya kupima hivi: mita iweke volti za DC, ncha nyeusi iguse nguzo yenyewe ya hasi (ile risasi, si kichwa kilichofungwa juu yake), nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata. Ikisoma chini ya 0.2, athi ni nzima. Ile Noah ilisoma 3 na ushee, maana yake robo ya umeme ilikuwa inaishia njiani. Huna mita? Waya mmoja wa kubustia (ule wa kuazima umeme wa gari nyingine), toka hasi ya betri hadi chuma cha injini. Ikiwaka, jibu unalo.

Angalieni: gia iwe P, handbreki juu, waya na mikono mbali na feni na mkanda. Na mita isiwe kwenye ampea, utaichoma.

6. Athi nzima na bado "ta"? Pima hivyohivyo upande wa chanya, nguzo ya betri hadi boliti nene ya stata, isizidi 0.5. Hapo napo pazuri, ni stata. Kwa Toyota nyingi zenye stata ya Denso kinachoisha ni vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi. Vinabadilishwa. Usikubali kuuziwa stata nzima kabla havijafunguliwa.

7. Ikiwaka, pima tena betri injini ikiunguruma: 13.8 hadi 14.7. Chini ya hapo altaneta haichaji, kesho utarudi hapa.

MASWALI

Kijana wa Pasua: Gari yangu haiwaki, shida nini?
— Inaliaje?
Kijana wa Pasua: Inalia tu.
— Mbuzi pia analia. Hatua ya 1.

Dereva Noah: Mimi nagonga stata na nyundo inawaka. Hayo ya mita mbwembwe.
— Itawaka, sijakataa. Shaba zimeliwa au kaboni (zinazopeleka umeme ndani ya mota ya stata) zimeisha, nyundo inazisogeza kidogo. Siku itakapogoma Himo saa tano usiku na mvua, gonga.

Mama Njiro: Kaka, Julai asubuhi inafanya tktk, saa sita mchana inawaka vizuri. Napeleka watoto shule tu na kurudi.
— Dada, swali zuri. Baridi inapunguza nguvu ya betri, na oili inakuwa nzito, stata inadai umeme zaidi. Safari fupi za dakika 10 hazitoshi kuijaza betri iliyopungua. Pima asubuhi kabla hujapiga stata, milango ikiwa imefungwa, maana taa ya ndani nayo inakula. Ichaji ijae; ikishuka tena baada ya siku mbili bila kutumika, betri imechoka au kuna kitu kinainyonya.

Mzee wa Machame: Vichwa vina unga mweupe. Magadi ya makande yanafaa?
— Shikamoo mzee. Yanafaa sana, magadi yanaua asidi. Koroga na maji ya moto, mwagia, yatatoa povu, suuza. Funga vizuri vifuniko vya betri kwanza. Yakiingia ndani yataua asidi inayohitajika.
Mzee wa Machame: Marahaba. Bibi akiuliza magadi, ni wewe.

Mama Njiro: Na mafuta ya mgando?
— Ndiyo, baada ya kukaza, si kabla.

Mtu wa Tengeru: Otomatiki naweza kusukuma?
— Hapana. Busti: nyekundu chanya kwa chanya, nyeusi hasi ya betri nzima, mwisho chuma cha injini ya gari iliyogoma, mbali na betri. Betri inatoa gesi, cheche ikiikuta inalipuka.

Kijana wa Pasua: Nimenunua betri mpya. Bado "ta".
— Hatua ya 5.