Kabla Hujabonyeza F5: Maandalizi ya Mtoa Mada

Ilikuwa Arua, siku ya pili ya semina ya walimu wa Kiswahili. Nilikuwa nimeshika rimoti kwa madaha, uso kwa washiriki, ukuta mgongoni. Kicheko kikaanzia nyuma, kikasogea mbele safu kwa safu. Nilipogeuka nikakuta ukutani, kando ya slaidi, maelezo niliyojiandikia mwenyewe usiku: "Hapa watasinzia, tia mzaha. Mzee wa Koboko ataulizia posho tena, mkwepe." Mzee wa Koboko alikuwa safu ya pili. Akasimama, akaweka koti sawa, akasema, "Mwalimu, usinikwepe basi. Posho iko wapi?" Kwetu Uganda posho ni ugali na posho ni marupurupu, yeye hakuwa na njaa.

Tulicheka wote, na sijapata tena ukumbi uliochangamka kama ule. Hata hivyo siwezi kumshauri mtu achangamshe watu kwa njia hiyo.

Kosa lilikuwa langu, na lingetibiwa kwa nusu dakika kabla watu hawajaingia. PowerPoint, kama zilivyo Google Slides na LibreOffice Impress (hii ya mwisho ni ya bure), humpa mtoa mada sura mbili: moja ya ukutani, ambayo ni slaidi peke yake, na nyingine ya laptopu yake, yenye slaidi ya sasa, slaidi inayofuata, maelezo yake ya siri na muda aliotumia. Ili sura hizo zitengane, kompyuta lazima ijue kwamba projekta ni skrini ya pili, si kioo cha ile ya kwanza. Kwenye Windows shika kitufe cha Windows pamoja na P. Yatatokea machaguo manne. La pili huonyesha kitu kilekile pande zote mbili. La tatu hupanua skrini, na hilo ndilo unalolitaka. Ukishaanza onyesho kwa F5 (vitufe ninavyotaja hapa ni vya PowerPoint ya Windows), geuka uangalie ukuta kwa macho yako. Maelezo yakiwa upande usio wake, juu ya skrini ya mtoa mada pana kitufe cha mipangilio ya skrini, na ndani yake amri ya kubadilishana pande. Mara moja tu, na siri zako zinarudi nyumbani.

Mazoezi ya nyumbani hayahitaji projekta. Alt na F5 kwa pamoja hukufungulia skrini ya mtoa mada hata ukiwa na laptopu peke yake, jikoni, watoto wakipita. Hapo utagundua kama maelezo yako yanasomeka. Kuna vitufe vya kukuza na kupunguza herufi zake, lakini dawa hasa ni kuandika machache. Mimi huandika neno la kuanzia, takwimu nisiyoiamini kichwani, na swali nitakalouliza. Ukiandika aya nzima utaisoma, na mtu anayesoma aya macho yake hayako kwa watu. (Majina ya watu siandiki tena.)

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wengi hudhani zana za mtoa mada ni mapambo: doa jekundu, kalamu ya rangi, slaidi zinazoruka. Mimi nadhani faida yake ni moja, kwamba zinakuruhusu kuacha mpangilio wako bila ukumbi kujua kwamba umeuacha. Washiriki huchangamka wanapoona swali lao limebadilisha njia ya somo. Mtoa mada anayejibu, "Tutafika huko, subirini," amewaambia kwamba gari lina reli na wao ni mizigo.

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe, andika kwa mkono kwenye kikaratasi namba za slaidi na mada zake. Katikati ya onyesho, ukiandika 14 kisha ukabonyeza Enter, unatua slaidi ya 14 moja kwa moja, bila kupitisha zile kumi za katikati mbele ya macho ya watu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko. Jinja niliwahi kuwauliza walimu, tuanze na insha au na ngeli? Wakapiga kelele, ngeli! Nilikuwa nimepanga insha. Nikabonyeza namba mbili na Enter, tukaanza ngeli. Hakuna aliyejua, na hadi chai ya saa nne hakuna aliyesinzia.

Kalamu nayo iandalie kazi mapema. Ctrl na P huitoa, E hufuta ulichochora, Ctrl na A hukurudishia mshale. Lakini ukiitoa bila kazi utaishia kuzungushia vichwa vya habari miduara. Mimi huacha slaidi yenye sentensi za wanafunzi zilizokosewa makusudi: "Mtoto amekuja na kitabu yake," "Chakula yangu imeisha." Walimu wanasema kosa liko wapi, mimi nakata kwa wino mwekundu na kuandika "chake", "changu", "kimeisha". Mwandiko wangu kwa kipanya ni wa kuku, na hilo lenyewe huwafurahisha. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili kimefika madarasa mengi ambako mwalimu mwenyewe anajifunza njiani. Kukosoa sentensi ya mtoto asiyekuwepo kunawaondolea aibu ya kukosolewa wao. Mwisho wa onyesho programu itauliza kama uihifadhi michoro au uitupe. Ihifadhi, wataiomba kwenye WhatsApp jioni.

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote ni B. Ukikibonyeza skrini inakuwa nyeusi. Ukikibonyeza tena slaidi inarudi. W hufanya hivyohivyo kwa weupe, lakini ukumbini weupe huumiza macho. Mkutano ukipamba moto, watu wawili wakibishana juu ya riba ya chama chao cha akiba, ukuta hauna haja ya kuendelea kuwaka na jedwali ambalo hakuna anayelitazama. Zima. Utaona vichwa vyote vikigeukia wanaozungumza. Rimoti nyingi zina kitufe cha kazi hiyo. Kitafute nyumbani, kisije kikawa ndicho unachobonyeza kwa bahati mbaya ukidhani unasonga mbele.

Kuhusu rimoti yenyewe: beba betri za akiba, hakikisha kipokezi chake cha USB kina tundu la kuingilia (laptopu mpya nyingine zina matundu madogo tu, utahitaji adapta), kisha tembea hadi mlangoni mwa ukumbi ujaribu kama bado inasikika. Doa la leza huonekana vizuri ukutani lakini kwenye televisheni kubwa hufifia, na wanaofuatilia kwa Zoom hawalioni kabisa. Palipo na televisheni au washiriki wa mbali, tumia leza ya ndani ya programu, Ctrl na L. Hiyo inaonekana kwa wote.

Maswali kwa simu ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Google Slides ina zana ya kupokea maswali: kiungo hujitokeza juu ya slaidi, washiriki wanaandika, na wengine wanalipigia kura swali wanalolitaka. Kahoot, Slido na Mentimeter hukusanya kura kwa njia inayofanana. Vinapendeza Kampala, kwenye hoteli yenye Wi-Fi. Ukienda mbele zaidi, nusu ya ukumbi ina simu za tochi, na nusu nyingine haitachoma bando lake kwa ajili ya grafu yako. Uliza kabla, na kama jibu ni la kusitasita, panga kura ya mikono: slaidi moja yenye majibu matatu tu, na wewe unachora vijiti kwa kalamu ileile kadiri mikono inavyohesabiwa. Mzee asiye na simu amepiga kura sawa na kijana mwenye simu ya milioni. Ukiwa na hakika ya intaneti, basi kijaribu chombo hicho na simu mbili zisizo zako, na uangalie toleo la bure linaruhusu washiriki wangapi.

Video usiitegemee mtandaoni hata kidogo. Ipakue, iingize ndani ya faili, ijaribu na spika. Hasa ile iliyoko Facebook, maana mtandao huo ulifungwa nchini Januari 2021 na wengi wanaufikia kwa VPN tu, yaani programu ya kukwepa kizuizi. Si jambo la kuhangaikia mbele ya mgeni rasmi.

Umeme haunihitaji kueleza sana. Chaji laptopu ijae, uliza kama Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti za kutosha, ujue nani ana ufunguo wa jenereta. Projekta ya taa ikizimika ghafla iache ipoe kabla ya kuiwasha. Beba adapta ya VGA (tundu la zamani la projekta) na ya HDMI (la kisasa), kwa sababu projekta za zamani bado zinaishi, na picha zake huwa za umbo la 4:3, karibu na mraba, wakati slaidi zako za 16:9, zilizo pana zaidi, zitabanwa na kuacha mistari myeusi juu na chini. Kama ukumbi una madirisha makubwa bila mapazia, maandishi meusi juu ya weupe husomeka kuliko yale ya rangi za kuvutia. Zima pia arifa za WhatsApp kwenye laptopu. Sitasema nilijuaje.

Zimebaki slaidi za mwisho. Watu humalizia na neno "Asante" kwa herufi kubwa, na palepale maswali yanaanza huku hawana pa kuyajibia. Baada ya slaidi yako ya mwisho weka nyingine tano au sita zilizofichwa: bofya kulia kwenye picha ndogo ya slaidi, chagua kuificha. Ukisonga mbele kwa rimoti zinarukwa, ila ukiandika namba yake na Enter inajitokeza kana kwamba umeitengeneza papo hapo kwa ajili ya aliyeuliza. Mimi huweka mgawanyo wa vipindi, mifano ya mitihani, na orodha ya ngeli kamili. Tangu Arua, ya kwanza kufichwa ni ya posho: inalipwa saa ngapi, nani anasaini, na nauli ya waliotoka mbali. Ni ya 41. Mkono wa safu ya pili ukiinuka tu, vidole vyangu viko kwenye 4.