Kabla hujaomba chuo Marekani: anza na pesa, kisha kalenda

Wengi huanza kwa kuchagua jina la chuo. Anza na pesa. Karo, bweni na chakula kwa mwaka mmoja katika chuo cha binafsi chenye sifa huweza kupita dola 80,000, na hakuna harambee itakayofika huko. Serikali ya Marekani haiwapi wanafunzi wa kigeni msaada wake wa karo. Wa kukusaidia ni chuo chenyewe. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa familia wanapoamua kukuchukua, na wakikuchukua hufidia kile ambacho nyumbani hamwezi. Tatizo ni kupenya tu. Vyuo vingine vingi vina pesa ila huangalia mfuko: ukihitaji nyingi, nafasi yako hupungua. Vyuo vya umma vya majimbo kwa kawaida humtoza mgeni karo ya juu na humsaidia kidogo.

Vyuo vingi vinavyotoa msaada hutaka ujaze fomu iitwayo CSS Profile, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Inauliza mapato ya mwaka, thamani ya nyumba na akiba ya benki. Mama anayeuza mboga sokoni hana hati ya mshahara. Kaa naye jioni moja: andikeni mauzo ya siku ya kawaida, mtoe pesa ya kununulia mzigo, nauli na ushuru wa soko, kisha mzidishe kwa siku anazofungua kibanda. Ng'ombe na shamba viandike vilevile. Tafuta barua ya chifu inayoeleza kazi yake. Usipunguze ili uonekane maskini zaidi, kwa maana hesabu hizo zinaweza kuulizwa tena ubalozini.

Kalenda yao haiendi na yetu. Mfumo wa maombi wa Common App hufunguliwa 1 Agosti. Tarehe za mwisho za maombi ya mapema huwa Novemba mwanzoni, za maombi ya kawaida karibu na mwaka mpya, majibu hutoka kufikia mwisho wa Machi, masomo huanza Agosti au Septemba. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, hutoka wakati milango mingi imekwisha kufungwa au inafungwa. Ukitaka kuomba ukiwa kidato cha nne, utatumia ripoti za shule, tena ukiwa bweni ambako simu ni marufuku. Ndiyo maana wengi husubiri matokeo, wakaomba Agosti inayofuata. Mwaka huo wa kukaa nyumbani utumie kwa SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani (MIT na Harvard wamerudisha sharti la mtihani wa aina hiyo), na kwa insha ya maombi ya maneno yasiyozidi 650. Insha isiwe historia ya shida zako tu; wanataka kujua unavyofikiri.

Majina yakague leo. Cheti cha kuzaliwa kikisema Ali, cha KCSE Ally, na pasipoti ikageuza mpangilio, utapoteza wiki nyingi ukirekebisha. Anza na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa pasipoti hukifuata.

Barua ya mapendekezo mwombe mwalimu aliyekufundisha na anayekujua, hata kama mwalimu mkuu ana cheo. Mpe mwezi mzima.

Ukipata nafasi, chuo kitakutumia fomu I-20, ambayo ndiyo utakayoombea viza. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, ya viza dola 185, na hazirudi hata ukinyimwa. Mahojiano ni mafupi: ujue utasoma nini, nani atalipa, kwa nini chuo hicho. Usiseme kibarua kitalipa karo. Viza ya mwanafunzi, F-1, hukuruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki, ndani ya chuo, wakati wa masomo. Na kabla ya kulipa chochote soma masharti ya nchi yako: mwaka 2025 Marekani iliwawekea raia wa Burundi, kisha wa Tanzania, vizuizi vinavyogusa hata viza za wanafunzi.