Kumtunza nyumbani mgonjwa aliyefungwa taya kwa waya

Taya la chini lililovunjika, iwe ni kwa kuanguka na pikipiki kwenye miteremko ya Tukuyu au kwa kupigwa na gogo huko Mufindi, huungwa kwa vibati vidogo vya titani vinavyokazwa kwa skrubu, au kwa kufunga meno ya juu na ya chini kwa waya, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Kwa njia zote mbili daktari huhakikisha kwanza kwamba meno yanakutana kama zamani, kwa sababu mfupa ukiunga huku meno yamepishana, mgonjwa atateseka kila anapotafuna.

Kabla ya kutoka hospitalini, ombeni koleo la kukatia waya na muonyeshwe nyaya za kukatwa. Koleo hilo likae na mgonjwa usiku na mchana, hata ndani ya basi. Akitapika, ainamishwe mbele ili matapishi yatoke. Akishindwa kupumua, zikateni nyaya na mumkimbize hospitali. Pombe asiiguse kabisa.

Chakula kiwe cha majimaji, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku: uji wa ulezi wenye maziwa, supu iliyochujwa, au parachichi lililosagwa na maziwa, ambalo huku kwetu ni neema kubwa kwa mgonjwa anayepungua uzito. Kila akimaliza kula asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha apige mswaki laini. Uvimbe ukiongezeka, usaha ukitoka au homa ikipanda, msisubiri siku ya kliniki.