Mkate wa kumimina: uji mzito, moto wa juu

Mkate wa kumimina hauna unga wa ngano hata chembe. Ni mchele uliorowekwa, tui la nazi, hamira na hiliki, vikasagwa hadi vikawa uji mzito, vikatiwa sukari, kisha vikamiminwa kwenye sufuria ya moto. Unguja na Pemba ndivyo unavyoitwa. Mombasa na Lamu wengi husema mkate wa sinia. Anayeushindwa kwa kawaida hashindwi kwa sababu ya viungo. Hushindwa kwa uji mwepesi au kwa moto mkali wa chini. Ukiyadhibiti hayo mawili, makosa mengine mengi yanasameheka.

Vipimo hivi vinatosha sufuria yenye kitako bapa, upana wa sentimita 22 hadi 24:

- mchele vikombe 2 (kama gramu 400)
- tui zito kikombe 1 na robo (mililita 300), na jingine kidogo la akiba
- wali uliopoa, vijiko 2 vya chakula
- hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa
- sukari robo tatu ya kikombe (gramu 150)
- hiliki ya kusaga nusu kijiko cha chai
- ute wa yai 1
- chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili
- samli au mafuta vijiko 2 vya chakula

Sukari hiyo ni ya mkate wa chai. Ukitaka kuula kwa mchuzi wa kuku, punguza hadi vijiko 3 vya chakula.

Mchele na tui

Mchele mweupe wa kawaida unafaa, uwe wa Mbeya, pishori ya Mwea au basmati. Mchele wa sela, ule uliochemshwa ungali na maganda, achana nao. Huchelewa kulainika na uji wake hubaki na chenga. Osha mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, kisha roweka usiku kucha, au saa 6 kwa uchache. Msimu wa joto badilisha maji mara moja katikati, la sivyo mchele utaanza kuchacha kabla hata hujatia hamira. Kabla ya kusaga, chukua punje moja uibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ikipondeka ikawa unga, mchele uko tayari. Ikikatika vipande vigumu, urudishe majini.

Ukishalainika, umwage kwenye kichujio na uuache dakika 10 ujichuje wenyewe. Hatua hii wengi huiruka. Maji yanayobaki kati ya punje yanaweza kufika robo kikombe, nayo yakiingia pamoja na tui huwezi tena kuyatoa.

Kwa tui, nazi 2 zilizokomaa zinatosha. Zikune bila kufika kwenye ganda la kahawia la ndani, maana hilo hutia mkate rangi ya kijivu. Tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, fikicha dakika mbili tatu, kisha kamua na uchuje. Tui hilo la kwanza ndilo la mkate. La pili liweke kwa mboga ya jioni. Tui la kopo nalo linafaa, ila likoroge kwanza kwa sababu mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Machicha wape kuku siku hiyohiyo, kwani hayalali bila kuchacha.

Kusaga

Weka tui robo tatu tu ya kipimo kwenye blenda, tia nusu ya mchele, usage dakika 2. Ongeza mchele uliobaki, wali, hiliki na chumvi, usage tena. Blenda ikianza kuchemka au kutoa harufu ya moto, izime ipumzike. Mota ikipata joto na uji nao hupata joto, na uji wa moto huua hamira. Tui lililobaki liongeze kwa kijiko, pale tu vile visu vinapozunguka bila kuvuta mchele.

Chukua tone uliviringe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mchanga, endelea kusaga. Suala hapa si urembo. Unga wa ngano una utando unaonyumbuka na kushika hewa; mchele hauna. Kinachoshika mapovu ya hamira humu ni ulaini na uzito wa uji wenyewe. Chenga zikiwa kubwa huzama, na mkate hutoka na tabaka mbili: chini gumu, juu lenye majimaji. Wali uliopikwa husaidia kwa sababu wanga wake umeshaiva, hivyo huufunga uji na kuuzuia usijitenge.

Hamira itie mwisho, uzungushe blenda kama sekunde 10 tu. Kama pakiti imefunguliwa zamani, ijaribu kabla: itie kwenye vijiko 2 vya tui vuguvugu pamoja na sukari kidogo, usubiri dakika 10. Isipotoa povu, itupe. Tui hilo la kujaribia litoke kwenye kipimo kilekile, lisiwe la ziada.

Kuumuka

Mimina uji kwenye bakuli lenye nafasi mara mbili ya kiasi chake, ulifunike. Pwani, dakika 40 hadi saa moja zinatosha. Njombe, Arusha au Limuru mwezi wa Julai huenda ikafika saa 2, na hapo afadhali bakuli liketi ndani ya sufuria yenye maji ya uvuguvugu. Usiangalie saa sana, angalia uji: upande karibu mara mbili, uso ujae vitundu, katikati pabaki pameinuka kidogo. Pakianza kubonyea umechelewa. Utaokoka kwa kuukoroga na kuuoka mara moja, lakini ladha itakuwa na ukakasi.

Sukari inaingia sasa, wala si mwanzo. Sukari ikiyeyuka huufanya uji kuwa mwepesi, na ikiwa nyingi huichelewesha hamira. Ndiyo maana uji unaotoka kwenye blenda lazima uwe mzito kuliko unavyodhani unatakiwa. Koroga hadi chenga za sukari ziishe. Piga ute wa yai kwa uma mpaka uwe povu jeupe, uuchanganye taratibu kwa mwiko, ufunike tena dakika 15.

Kisha inua mwiko. Uji uteremke kama utepe, na alama yake ionekane juu ya uso kwa muda mfupi kabla ya kupotea. Ukimwagika kama maziwa, ongeza vijiko viwili vya unga wa mchele na usubiri dakika 10. Ukidondoka kwa mabonge, ongeza tui kijiko kimoja kimoja.

Moto wa mkaa

Washa mkaa mapema, usubiri uwe makaa mekundu yasiyo na moshi. Jikoni pawe na dirisha au mlango wazi, kwani hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa inaua. Tafuta mfuniko bapa wa bati au sinia dogo linaloziba sufuria vizuri. Mfuniko wenye tumbo haushiki makaa.

Gawa makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili kwa ajili ya juu. Ya chini yasogeze pembezoni mwa jiko, katikati pabaki majivu. Sehemu ya katikati ya kitako ndiyo inayoungua kwanza.

Weka sufuria, tia samli, izungushe ipake na kuta zake. Dondosha tone la uji: likitoa mlio na kukaza papo hapo, mimina wote. Likikaa kimya, subiri. Sufuria baridi ndiyo sababu ya mkate kunata, hata ukitia samli ya kuogelea.

Usifunike bado. Kwa dakika 5 hadi 8 za mwanzo utaona kingo zikikaza na vitundu vikifunguka kutoka pembeni kuelekea katikati. Vitundu vikishafika katikati huku uso ungali na unyevu kidogo, funika na upalie makaa juu ya mfuniko, yote uliyoyaweka akiba, yakitandazwa sawasawa. Ukipalia mapema mno, uso hukaza kabla hewa haijapanda, na mkate hutoka mfupi na mzito.

Kuanzia hapo dakika 15 hadi 20. Katika dakika 12 za mwanzo usifunue. Makaa ya juu yakififia yapepee au yaongeze. Ya chini yaache yafifie. Pua ni kipimo kizuri: ukianza kusikia harufu ya sukari inayoungua, moto wa chini umezidi, kwa hiyo punguza makaa mawili matatu mara moja. Mkate ulioiva una rangi ya kahawia juu, umeachana na kuta za sufuria, na njiti ikichomwa katikati hutoka kavu.

Oveni na gesi

Oveni ni rahisi zaidi, ingawa harufu ya makaa haipo. Iwashe nyuzi 180 za Selsiasi, weka sufuria isiyo na mpini wa plastiki ikiwa na samli ndani kwa dakika 10, kisha mimina uji. Dakika 30 hadi 35. Ukibaki mweupe juu, washa moto wa juu peke yake dakika 3 na usimame hapohapo.

Kwenye gesi isiyo na oveni, weka chuma cha chapati juu ya moto mdogo kabisa na sufuria juu yake, ili joto lisambae. Ukishamimina na kuona vitundu, funika kwa mfuniko uliofungwa kitambaa safi. Mvuke ukidondoka juu ya mkate huacha mabaka yanayonata. Ncha za kitambaa zifunge juu ya mfuniko, mbali na moto. Baada ya dakika 25 hivi ugeuze kwenye kikaango kilichopakwa samli, uso upate rangi kwa dakika 3 au 4. Huo ni mkate mzuri wa kula, ila usiutarajie uwe na uso uleule wa mkate uliopaliwa.

Ukiharibika

Ukizama katikati baada ya kuutoa, ama ulifunua mapema, ama uji uliumuka kupita kiasi. Ukiwa mwepesi wa kutafuna juu lakini chini kuna utando kama gundi, uji ulikuwa na maji mengi au mchele haukusagika. Ukiwa mgumu wote na bila vitundu, ilaumu hamira: ilikufa kwa tui la moto au ilikuwa ya zamani. Ukiwa mweusi chini na mbichi katikati, hapo hakuna la kutafuta, ni moto wa chini. Kata sehemu iliyoungua, rudisha mkate kwenye sufuria nyingine juu ya moto mdogo, palia juu dakika 8. Utaliwa.

Kuna wanaotia unga wa ngano vijiko kadhaa ili usizame. Inasaidia kweli, lakini mkate hupoteza ule utafunaji wa mchele, na asiyekula ngano huwa umemtega bila kumwambia.

Kukata na kuhifadhi

Uache ndani ya sufuria dakika 10, pitisha kisu kuzunguka kingo, kisha ugeuze kwenye sahani na uurudishe uso juu. Usiukate ungali wa moto. Wanga wa mchele hukaza unapopoa, na kisu kikipita mapema hutoka kimejaa ute na vipande huchanika. Nusu saa inatosha kuupata mkate wa kukatika pembetatu safi wa kunywea chai ya mchaichai au kahawa chungu.

Siku hiyohiyo ndiyo siku yake. Katika joto la pwani tui huchacha, kwa hiyo kilichobaki hadi usiku kiingie kwenye friji kikiwa kimefunikwa. Kesho yake kitakuwa kigumu, na kukiacha mezani hakitalainika. Kipashe kwa mvuke dakika 5, au kwenye chuma cha chapati kilichofunikwa na tone la maji pembeni.

Uji uliozidi kipimo cha sufuria usiutupe. Pasha chuma cha vitumbua, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta katika kila shimo, mimina uji hadi robo tatu ya shimo, na ugeuze kwa njiti pale kingo zinapokuwa za kahawia. Dakika 2 au 3 kila upande.