Umekloni diski? Ipe ile ya akiba UUID mpya kabla ya kuziwasha zote mbili

Ofisi moja niliyokuwa naihudumia ilinunua SSD ili kupumzisha diski yao kuukuu iliyoanza kutoa mlio. Nikakloni kwa `dd`, amri ya Linux inayonakili diski nzima kama ilivyo, mashine ikawaka vizuri, nikaaga. Diski ya zamani nikaiacha humohumo ndani ya mashine iwe akiba. Wiki mbili baadaye mhasibu akanipigia: ankara za juzi hazionekani. Wakazima na kuwasha tena, ankara za juzi zikarudi, ila za jana zikapotea.

Havikuwa virusi, wala programu ya uhasibu haikuwa na tatizo. Mashine ilikuwa na diski mbili zenye kitambulisho (UUID) kimoja, na kila ilipowashwa ilichukua yoyote iliyowahi. Kazi ya wiki mbili ikagawanyika vipandevipande. Naandika mwongozo huu ili yasikukute hayo.

Kwanza, tatizo linatoka wapi

Mfumo wa faili, yaani mpangilio unaoshika mafaili ndani ya diski, unapoundwa hupewa UUID, namba ya kitambulisho ya biti 128. Ile ya kubahatisha, toleo la 4, ina biti 122 za bahati nasibu, kwa hiyo mifumo miwili kugongana yenyewe ni jambo usilolitarajia maishani. Pacha tunawazaa sisi: kwa `dd`, kwa programu ya Clonezilla, kwa kunakili diski za mashine pepe, kwa picha za papo (snapshot) za LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski. Wasukuma wakijaliwa mapacha huwaita Kulwa na Doto, kila mtoto na jina lake. `dd` inazaa mapacha na kuwaita wote Kulwa, halafu `/etc/fstab`, faili inayoiambia Linux ichukue diski zipi ikiwaka, inamwita Kulwa. Nani ataitika?

Jibu linategemea mfumo wa faili. XFS ni mkali: ikiona UUID hiyo tayari imepachikwa (mount), yaani imeunganishwa na inatumika, inakataa. Bahati mbaya `mount` hukupa ujumbe wa jumla kuhusu mfumo usio sahihi au superbloku mbovu, na watu wengi hukimbilia kukarabati diski isiyo na ugonjwa wowote. Soma `dmesg | tail` kwanza. Ukweli uko pale. Ext4 hainung'uniki hata kidogo, inapachika yoyote uliyoitaja, ndiyo maana ofisi ile ilifanya kazi wiki mbili bila onyo. Btrfs ndiyo ya kuogopwa zaidi. Yenyewe hutambua diski zake kwa UUID, kwa kuwa mfumo mmoja unaweza kukaa juu ya diski kadhaa. Kerneli, kiini cha Linux, ikiona nakala mbili inaweza kudhani ni kitu kimoja na kuandika kwenye diski ambayo hukuikusudia, na hapo data inaweza kuharibika kabisa. Kerneli kuanzia 6.7 zimelegeza jambo hili kwa mifumo ya diski moja, lakini mimi bado sizichomeki pamoja.

Hatua ya 1: Usiwashe mfumo wako ukiwa na diski zote mbili

Kloni ukiwa kwenye flashi ya Linux, na ubadilishe UUID hapohapo kabla ya kuzima. Kama ni btrfs, zima, chomoa ile itakayoendelea na kazi, kisha endelea na ile ya akiba peke yake.

Hatua ya 2: Jua ipi ni ipi

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,FSTYPE,UUID`

Shika namba ya SERIAL. Hiyo ni ya kiwandani, `dd` haiwezi kuinakili. Majina kama `sda` na `sdb` usiyaamini, yanaweza kubadilishana ukiwasha upya. Mimi huandika tarakimu nne za mwisho za SERIAL kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu ya diski.

Hatua ya 3: Tafuta pacha

`sudo blkid -s UUID -o value | sort | uniq -d`

Kikitokea chochote, una pacha. Usitafute ndani ya `/dev/disk/by-uuid`: kila UUID ina kiungo kimoja tu pale, hivyo pacha wa pili haonekani kabisa. Tahadhari moja: diski za RAID ya programu (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), na btrfs ya diski nyingi, hushiriki UUID kihalali. Hizo ziache.

Hatua ya 4: Badilisha ya ile itakayokuwa akiba

Wengi hukosea hapa. Diski itakayoendelea na kazi iachie UUID ya zamani, kwani `fstab` na GRUB, programu inayowasha Linux, zinaitafuta hiyo. Jina jipya mpe yule anayekwenda kabatini. Katika mifano ifuatayo akiba ni `/dev/sdb`, na hakuna patisheni yake iliyopachikwa.

Kwa ext4:

`sudo e2fsck -f /dev/sdb2`
`sudo tune2fs -U random /dev/sdb2`

Kwa XFS:

`sudo xfs_admin -U generate /dev/sdb2`

Ikikataa kwa sababu ya logi chafu (yenye mabadiliko ambayo hayajamalizika kuandikwa), ipachike kwa `mount -o nouuid`, ishushe kwa `umount`, urudie. Usikimbilie `xfs_repair -L`. Hiyo hufuta logi pamoja na mabadiliko ya mwisho yaliyomo.

Kwa btrfs:

`sudo btrfstune -u /dev/sdb2`

Amri hii hupitia metadata (taarifa za ndani za mfumo wa faili) yote na kuiandika upya, kwa hiyo inachukua muda na haipendi kukatizwa. Kama umeme wa kwenu ni wa kubahatisha, hakikisha kuna UPS. Chaguo la `-m` ni la haraka zaidi, kwani haliandiki metadata yote upya.

Swap nayo ina UUID: `sudo swaplabel -U $(uuidgen) /dev/sdb3`. Kwa LVM tumia `vgimportclone`, kwa LUKS (diski zilizosimbwa) `cryptsetup luksUUID --uuid`. Mwisho, kama diski ni ya GPT (jedwali jipya la patisheni), `sudo sgdisk -G /dev/sdb` hubadilisha vitambulisho vya diski na vya patisheni zake zote. Patisheni ya EFI, ile ya kuwashia mashine, ni FAT, ina namba fupi ya biti 32 tu. Amri ya `mlabel` ya mtools yenye chaguo la `-n` huibadilisha.

Ukilazimika kubadilisha ile inayowaka, rekebisha `/etc/fstab`, kisha endesha `update-initramfs -u` na `update-grub` kama unatumia Debian au Ubuntu.

Hatua ya 5: Hakiki

Rudia amri ya hatua ya 3, isitoe kitu. Washa upya, kisha `findmnt /` ikuonyeshe uko juu ya diski gani, na ulinganishe SERIAL na plasta yako.

Wenye mashine pepe, msijione mko salama. Mashine kumi zilizotoka kwenye kiolezo kimoja hazisumbuani, kwa kuwa kila moja inaona diski yake tu. Balaa huja siku moja inapogoma kuwaka, ukachomeka diski yake kwenye ya pili ili uokoe mafaili.

Kama limeshatokea

Usifute chochote, usiendeshe `fsck` (amri ya kukarabati mfumo wa faili). Washa kwa flashi, upachike zote kwa kusoma tu, na kwa ext4 ongeza `noload` ili jenali (daftari la mabadiliko ya mfumo wa faili) isiandike kitu:

`sudo mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt/mpya`
`sudo mount -o ro,noload /dev/sdb2 /mnt/kuukuu`

Kisha orodhesha kilichobadilika kila upande tangu siku uliyokloni:

`sudo find /mnt/kuukuu -type f -newermt "2025-03-10"`

Ofisini kule nililinganisha orodha hizo mbili usiku kucha. Mafaili yaliyobadilika upande mmoja tu nilinakili pembeni bila shida. Hifadhidata ya uhasibu ilikuwa imebadilika pande zote mbili, na hakuna amri ya kuunganisha hiyo. Mhasibu alichapisha ankara kutoka diski kuukuu, akaziingiza upya moja moja kwenye mpya, nami nikakaa naye mpaka ya mwisho.